Ngome ya Nne

Binti yangu Najat alikuwa na pasi, alikuwa na viza, na alikuwa na tiketi ya ndege ya Jumanne kwenda Maskati. Alichokosa ni radhi yangu, na mimi nilimnyima. Nilimwambia akipanda ndege ile bila radhi ya baba yake, asinihesabu tena kuwa baba. Mtoto wa Kizaramo aliyelelewa Temeke haendi ng'ambo na maneno kama hayo mgongoni. Akabaki anazunguka nyumbani na begi lake limeshafungwa, mimi nikabaki nimekaza shingo, na mama yake, Tabu, akawa ananiwekea chakula bila kunisemesha.

Sababu ni dada yake, Zubeda. Zubeda alikwenda Maskati miaka miwili kabla, kufanya kazi za ndani kwa watu, na radhi nilimpa mwenyewe, mkono wangu juu ya kichwa chake. Aliandika kila mwezi. Halafu barua zikakatika. Sasa Najat anataka kwenda kumtafuta. Wakala yuleyule wa Kariakoo aliyempeleka Zubeda amempatia kazi mji uleule. Mimi nikasema neno ambalo mzazi yeyote angelisema: mmoja kapotea, humtumi wa pili amfuate.

Hilo ndilo nililolisema. Lipo ambalo sikulisema. Barua hazikukatika pale nilipowaambia. Ilikuja moja ya mwisho, kwa sanduku la posta la chuo ninapolinda, na niliipokea mimi. Niliisoma polepole, maana shule niliachia darasa la nne. "Baba, njoo unichukue, au tuma mtu." Mengine yaliyokuwamo siyarudii. Mimi hata nauli ya kufika Tanga sikuwa nayo, sembuse Maskati. Ningemtuma nani? Niliikunja, nikaificha ndani ya stabilaiza mbovu, lile boksi la kutuliza umeme, chini ya meza yangu ya ulinzi, nikafunga skrubu zote nne. Ilikaa humo miezi saba.

Chuo chenyewe kilikuwa Sinza, chumba kimoja juu ya baa, kompyuta sita. Mwenyewe alikuwa Wilbert, kijana wa Kichaga aliyekuwa akileta mashine kuukuu kutoka Dubai. Nilipata kazi hapo baada ya kiwanda cha nguo cha Ubungo kuuzwa na sisi kupunguzwa. Nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma kwa miaka kumi na tisa. Siku moja nikiwa mlinzi nilimwomba Wilbert aniruhusu nifungue kompyuta moja iliyokuwa inanguruma. Nikasafisha vumbi, nikatia mafuta kwenye feni, ikanyamaza. Kuanzia hapo mashine ikiharibika ninaitwa mimi, na nikimaliza naambiwa niijaribu. Kuijaribu maana yake ni kucheza gemu.

Gemu lilikuwa moja tu la maana. Kwenye sanduku lake lilikuwa na jina refu la Kizungu, sisi tuliliita Ngome. Unapewa wakulima watano na uwanja wenye giza. Wakulima wanakata miti, wanachimba mawe, unajenga ngome, unatoa askari, unakwenda kuvunja ngome ya mwenzako kabla hajavunja yako. Siyo kama bao, hakuna zamu. Ukijikuna, mwenzako anajenga. Ngome ya kwanza sikuiona. Ya pili niliikuta kwenye mashine ya zamani. Ya tatu niliicheza miaka miwili mizima, na nasema bila kujisifu kwamba pale Sinza hapakuwa na wa kunifunga. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja kutoka Ubungo kujaribu, wakaondoka. Aliyenikaribia ni Najat, maana yeye alikuwa anafundisha taipu palepale, na gemu nilimfundisha mwenyewe.

Aliyetufikisha kwenye mashindano ni Leonardi.

Leonardi ni Mnyamwezi wa Tabora, tulipunguzwa naye kiwandani siku moja. Ni mtani wangu, na anayejua utani wa Mnyamwezi na Mzaramo anajua kuwa mtani hana mpaka. Kwenye msiba wako anaweza kuingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chake, na hakuna wa kumkasirikia. Najat alimpitia akaja naye chuoni aniombe kwa niaba yake. Leonardi hakuomba. Alikaa juu ya meza yangu, akatazama ukuta, akasema Wazaramo ni watu wa ajabu, shamba la babu wanaliuza wapate kucheza ngoma, lakini neno moja la radhi wanalifungia kabatini kama dhahabu. Nikamjibu kwamba yeye babu yake alibeba pembe za ndovu za watu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na mpaka leo ukoo mzima una shingo fupi. Najat alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka wiki ile.

"Sasa sikilizeni," Leonardi akasema. "Mie mtani naamua, na mwenye kubisha akabishie makaburini. Mashine hizo hapo. Jumapili mtacheza Ngome. Mtoto akishinda, mzee unatoa radhi mbele yangu, radhi yote, siyo ya kumung'unya. Mzee akishinda, pasi naichukua mie, naiweka kwenye debe la mahindi mpaka Zubeda mwenyewe aandike."

Nilikubali haraka mno. Nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda. Najat aliniangalia, naye akakubali, na sikuelewa kwa nini, maana alijua kama mimi ninavyojua.

Hiyo ilikuwa Jumanne, wiki moja kabla ya ndege. Jumatano Wilbert akarudi kutoka Dubai, na kwenye begi lake alikuwa na Ngome ya nne.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Mashine zetu zilikuwa na nafasi ndogo, mbili kwa pamoja haziingii, kwa hiyo Wilbert alifuta ya tatu kwenye kompyuta zote sita kabla sijamaliza kumpa pole ya safari. Nikamwomba abakize japo kwenye moja. Akacheka, akaniuliza nani atataka kula kiporo na wali wa moto upo. Nikamfuata Leonardi kwake Manzese nikamwambia mapatano yamevunjika. Akasema mapatano yalikuwa Ngome, hakutaja namba.

Nikabaki na siku tatu.

Niseme wazi kilichobadilika, maana ndicho kilichoniua. Kwenye ya tatu, ukishapeleka mtu mahali giza linaondoka na halirudi. Unamtuma mpanda farasi mmoja azunguke uwanja, akimaliza unaona kila kitu mpaka mwisho wa mchezo, kila anachojenga adui, kila anakopita. Ushindi wangu wote ulikuwa humo. Wenzangu walikimbilia askari, mimi nilikimbilia kuona. Kwenye ya nne, mtu wako akiondoka mahali pale panageuka kijivu. Unaendelea kuona miti na nyumba, lakini unaziona kama ulivyoziacha. Adui akijenga mnara hapo, huuoni. Akiondoa jeshi, huoni. Unatazama picha ya jana ukidhani ni leo.

Kingine ni baragumu. Askari wako akipigwa mbali, popote alipo, mashine inalia baragumu, na sura yake inatokea chini ya kioo na mstari mwembamba wa kijani. Akiendelea kupigwa mstari unapungua na baragumu linalia tena. Halinyamazi mpaka umsaidie au afe.

Alhamisi nilicheza na mashine yenyewe mara nne, ikanifunga mara nne. Ijumaa nilikosa sala, jambo ambalo sijawahi kulifanya nikiwa mzima. Nilikuwa nimekaa mbele ya kioo najaribu kufundisha mikono yangu kusahau, na mikono ya fundi haisahau. Ilikuwa inakwenda kulekule kwa zamani. Jumamosi nilishinda mara moja, kisha nikafungwa tena vibaya na mwanafunzi wa miezi miwili ambaye hata kuandika jina lake kwa herufi kubwa alikuwa bado. Najat alikuwa anafundisha meza ya pili. Hakusogea kutazama. Mchana aliniletea chai na chapati, akasema, "Shikamoo baba," akaweka, akaondoka. Nilitazama mgongo wake nikawaza kuhusu ndege. Sikuona Maskati kichwani, sijawahi kuiona. Niliona giza tu, na ndani yake kitu kijivu kilichofanana na barua.

Nilifikiria mengi ya kijinga. Nilifikiria kuichoma pasi, nikakumbuka hata sijui anaificha wapi. Nilifikiria kumwambia ukweli wa barua ili aogope asiende. Lakini Najat namjua, angeisoma akaondoka siku hiyohiyo. Mwisho nikafikiria swichi kubwa ya umeme. Dar wakati ule umeme ukikatika hakuna anayeuliza. Nikizidiwa Jumapili, nanyoosha mguu nyuma ya mlango, chuo kizima kinazima, na mpaka Jumanne hakuna mchezo wa pili.

Jumapili chuo hufungwa. Tulifika baada ya adhuhuri, mimi, Najat na Leonardi. Wilbert alikuwa amenipa funguo. Chini, baa ilikuwa imeshaanza kupiga muziki. Leonardi aliingia, akatazama chumba, akachukua kiti, akakiweka nyuma ya mlango chini ya swichi kubwa, akaliegemea boksi la umeme kwa mgongo wake wote.

"Hapa pana upepo," akasema.

Najat aliunganisha waya kati ya mashine yangu na yake. Tulikaa tumepeana migongo. Akaniuliza kama niko tayari, nikasema bismillahi, tukaanza.

Nitasema kwa haki: nilicheza vizuri. Hofu ilinisaidia. Nilikata miti kwa wakulima wote watano, nikajenga ghala, nikawa na wakulima kumi na wawili kabla chai yangu haijapoa. Nikamtuma mpanda farasi mmoja. Akavuka mto kwenye kivuko cha kusini, akaiona ngome ya Najat: ukuta mwembamba, lango moja, minara miwili, yote kaskazini. Kusini hapakuwa na kitu. Nikaikariri picha ile. Nikamwambia mpanda farasi abaki hukohuko kwenye miti ng'ambo ya mto awe jicho langu. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu mpya wa siku tatu: usimrudishe, mwache akae, alipo mtu hapageuki kijivu.

Nikatoa askari arobaini. Nikawapitisha kaskazini, njia ndefu ya nyuma ya mlima, na Najat hakuwaona. Nikawafikisha langoni kwake minara yake miwili ikiwa haina mishale ya kutosha. Lango likaanza kupasuka. Nyuma yangu nilisikia Najat anashusha pumzi. Leonardi, ambaye alikuwa haelewi gemu lakini anaelewa watu, aliacha kuegemea boksi.

Nilikuwa nimeshinda. Mchezaji yeyote angekuambia. Lango lile lilihitaji dakika mbili, labda pungufu.

Ndipo baragumu likalia.

Chini ya kioo ikatokea sura ya mpanda farasi wangu na mstari wake wa kijani. Nikaruka kumtazama. Wakulima wa Najat walikuwa wamejenga ukuta kwenye kivuko, nyuma yake, hana pa kutokea, na wapiga mishale wawili walikuwa wanamtupia kutoka juu. Mtu mmoja. Kwa hesabu ya gemu hana thamani ya lango. Unamwacha. Nilirudi langoni.

Baragumu likalia tena. Mstari umefika nusu.

Nikawaambia askari wakaze lango. Likalia tena. Muziki wa baa ulikuwa unapiga chini kwa sauti, lakini sikuwa nausikia, nilisikia lile tu. Nikajiambia ni mashine. Nikajiambia nimefanya kazi na mashine miaka kumi na tisa, mashine hailii, inatoa sauti. Likalia. Mstari ukageuka mwekundu.

Mkono wangu ukaondoka langoni. Sikuuamuru. Ulichora duara kuwazunguka askari wote arobaini, ukawaonyesha kivuko.

Waligeuka wakaenda. Niliwapitisha njia fupi, kusini, palipokuwa hapana kitu. Pale nilipokuwa nimepaona kwa macho yangu mwanzoni hapana kitu. Nilikuwa natazama kijivu, jicho la mpanda farasi halikufika huko. Najat alikuwa amejenga hapo minara mitano.

Walikufa kwa mistari, kama nyuzi zinavyokatika kwenye mtambo uliopotoka, mmoja baada ya mwingine, na mimi naendelea kuwasukuma mbele. Nikawatuma na wakulima. Nikawatuma wakulima na mashoka yao, kumi na wawili, wakamfuate. Leonardi alikuwa amesimama nyuma yangu sasa.

"Mtani," akasema taratibu, "unatuma wangapi?"

Sikuwa na wa kutuma tena. Ghala lilikuwa tupu na uwanja wangu wote umegeuka kijivu. Najat alitoka langoni kwake na askari kumi na tano, akatembea mpaka kwangu bila kupingwa na mtu, akavunja kila kitu. Haikuchukua muda. Kioo kikaandika alichoandika.

Najat aligeuza kiti chake. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Baba, ulikuwa umeshanimaliza. Mbona uliondoka langoni?"

"Alikuwa anaita," nikasema.

Kwa desturi yetu mtu akishindwa mtani wake humcheka mpaka nyumbani, lakini Leonardi hakucheka.

Najat akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu, akainamisha kichwa, akavuta mtandio vizuri. Nikamwekea mkono. Nikafungua mdomo. Maneno ya radhi ni machache, na nilikuwa nimeshawahi kuyasema. Yalikataa kutoka. Radhi ni moyo mweupe wa mzazi. Huwezi kuitoa huku kitu kimelala chini ya meza kimefungwa skrubu nne.

Nikaondoa mkono. Leonardi akadhani nakiuka mapatano, akaanza kuniita Mzaramo mwizi wa maneno, nikamwonyesha ishara anyamaze. Nikaenda mezani kwangu, nikatoa bisibisi, nikaivuta stabilaiza mbovu. Skrubu ya tatu ilikuwa imekaza, ikanichukua muda. Nikatoa bahasha, nikampa Najat palepale alipopiga magoti.

Alitazama mwandiko kwanza. Halafu alitazama muhuri wa posta, tarehe. Akaisoma yote, upesi, maana yeye shule amemaliza. Alipofika mwisho aliirudia. Niliona vidole vyake vimeshika karatasi pembeni tu, kana kwamba ni ya moto.

"Tangu Agosti," akasema.

"Tangu Agosti."

"Mama anajua?"

"Hajui."

Akasimama, akaenda dirishani akanipa mgongo. Mbele ya baa mtu alikuwa anacheka kwa nguvu, na muuza maji alikuwa anasukuma mkokoteni wa madumu akiomba njia. Nilibaki kwenye kiti, mkono wangu juu ya goti, sijui niuweke wapi. Nilitaka aniseme. Nilitaka aseme kwamba nilimwacha dada yake kule kivukoni miezi saba na leo nimeua jeshi zima kwa ajili ya picha ya farasi. Hakusema. Nilimtazama Leonardi aseme yeye, ana ruhusa, ndiyo kazi ya mtani. Alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake.

Najat alikunja barua. Hakuirudisha kwenye bahasha yangu, aliitia kwenye mkoba wake, mfuko wa ndani, ule wenye zipu, na nikaona pasi yake ilikuwa humohumo siku zote. Akarudi. Akapiga magoti tena mahali palepale, lakini safari hii hakuinua macho kunitazama.

"Malizia, baba," akasema. "Nina safari."

Nikamwekea mkono kichwani. Nikayasema maneno yote, moja moja, Leonardi akishuhudia, na nilipofika kwenye jina lake nikataja na la Zubeda, kwa sababu radhi ya kwanza nilikuwa nimeiharibu.

Aliitikia amina kwa sauti ndogo. Akasimama, akazima mashine yake, akazima na yangu, akashuka ngazi kabla yetu.